Mshale wa Temperecha Unapima Maji, Haupimi Chuma



Kuna maneno ambayo mafundi wa gereji huyasikia kila mara gari lililokufa linapoletwa kwa kuvutwa na kamba. Boneti liko juu, mafuta ya injini yamechanganyika na maji, na dereva anaapa: "Fundi, mshale haukupanda. Ulikuwa katikati, ukashuka kidogo, mara gari likakata nguvu, likazima." Fundi anatikisa kichwa. Anajua injini iliyochemsha akiiona, kwa hiyo anaona dereva anajitetea.

Mimi nasema dereva huyo mara nyingi anasema kweli. Mshale haukupanda, na injini imeungua. Yote mawili yanaweza kutokea katika dakika zilezile, kwenye gari lilelile, bila kifaa chochote kuwa kibovu. Nataka leo tuelewane jinsi yanavyotokea, kwa sababu mwisho wake ni silinda hedi iliyopinda, na kwa familia nyingi silinda hedi ni ada ya shule au mtaji wa biashara. Dereva wa teksi aliyeunguza injini hapotezi gari tu. Anapoteza kazi mpaka siku atakapopata hela ya kulifufua.

Tuanze na moto wenyewe. Petroli ikiungua ndani ya silinda, gesi yake hufikia joto linalopita nyuzi 2,000 kwa muda mfupi sana, kisha hutoka, halafu mlipuko mwingine hufuata. Aluminiamu, ambayo ndiyo chuma cha silinda hedi nyingi za magari madogo siku hizi, huyeyuka kwenye nyuzi 660. Kinachoiokoa ni maji yanayopita kwenye njia zilizochongwa ndani yake, yanachukua joto, yanaenda kulimwaga kwenye rejeta, yanarudi. Sehemu kubwa ya nguvu iliyomo kwenye petroli haifiki kwenye matairi. Inatoka kama joto, nyingine kwa ekzosi, nyingine kwa maji hayo. Maji yakikosekana, joto halina pa kwenda, na aluminiamu ina tabia ya kutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kawaida kwa joto lilelile. Haihitaji kuyeyuka ili iharibike. Ikishatanuka kupita kiasi huku imekazwa kwa bolti, hupinda, gasketi ikaachia, maji yakaingia kwenye mafuta.

Sasa, gari linajuaje kwamba maji yamepata moto?

Fungua boneti, tafuta mahali mpira mkubwa wa juu wa rejeta unapoingia kwenye injini, au karibu na nyumba ya themostati. Hapo utaona kidude cha shaba ya njano, urefu wake kama pingili ya kidole, kimefungwa kwa uzi kama bolti, juu kina soketi ya waya mbili. Hiyo ndiyo sensa ya joto la maji. Ncha yake imezama kwenye maji. Ndani ya ncha hiyo mna punje ndogo iliyotengenezwa kwa oksidi za metali kama manganizi, nikeli na kobalti, zikachomwa mpaka zikawa kitu kigumu cha jamii ya kauri. Haina kitu kinachosogea ndani yake, wala zebaki, wala springi.

Punje hiyo ina sifa moja. Ikiwa baridi, hupitisha umeme kwa shida. Ikipata moto, huupitisha kwa urahisi. Michael Faraday, yule mwanasayansi wa Uingereza, aliliona jambo hili mwaka 1833 alipokuwa akichunguza salfaidi ya fedha: waya wa shaba ukipata moto huzidi kuukaidi umeme, lakini kitu kile kilipopata moto kiliulegezea. Ilichukua karibu miaka 100 kabla ya watu kuigeuza sifa hiyo kuwa kifaa cha kuuzwa dukani. Leo kila gari lenye kompyuta linaitegemea.

Hebu tutaje tarakimu, maana ndizo zinazomsaidia fundi. Kwenye Toyota nyingi, sensa hiyo ikiwa kwenye nyuzi 20 ina ukinzani wa karibu omu 2,500. Ikifika nyuzi 80, ukinzani umeshuka mpaka karibu omu 320. Umeanguka zaidi ya mara saba, na maji bado hata hayajachemka. Kompyuta ya gari, ile ambayo mafundi wetu wanaiita kontroli boksi, inaipelekea sensa umeme wa volti 5 kupitia kizuizi kilichomo ndani ya kompyuta yenyewe, kisha inasoma ni volti ngapi zimebaki kwenye waya. Asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, itasoma volti 2 au 3, kutegemea gari. Injini ikishapata moto wake wa kawaida, itasoma nusu volti hivi. Kompyuta ina jedwali ndani yake: volti hizi ni nyuzi hizi. Basi.

Kutokana na tarakimu hiyo moja, kompyuta inaamua mambo mengi. Inaamua imwage petroli kiasi gani, maana injini baridi inataka mafuta mengi zaidi. Inaamua cheche ipigwe lini, injini izunguke kwa kasi gani gari likiwa limesimama, feni iwashwe saa ngapi, na kwenye magari ya otomatiki, gia ya juu iruhusiwe au isubiri. Gari likianza kula mafuta kupita kawaida bila sababu inayoonekana, sensa hii ni mahali pa kwanza ninapopashuku, kabla ya noseli na kabla ya plagi.

Kuipima hakuhitaji mashine ya fedha nyingi. Fundi anaifungua, anaitundika kwa waya ndani ya sufuria ya maji bila kugusa kitako cha sufuria, anaweka kipimajoto kando yake, anaunganisha mita kwenye pini mbili, anawasha jiko. Maji yanapopanda joto, omu zinashuka polepole bila kurukaruka. Zikiruka, au zikikwama, sensa imekufa. Lakini asitegemee maji yanayotokota kama kipimo chake cha nyuzi 100. Dar es Salaam na Mombasa, usawa wa bahari, maji huchemka kwenye 100. Nairobi, iliyo karibu meta 1,700 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mbeya ni karibu hivyohivyo. Fundi wa Nairobi anayedhani sufuria yake imefika 100 atailaumu sensa nzima na kumnunulisha mteja nyingine bure.

Shikilieni jambo hilo la maji kuchemka kwenye nyuzi 94, maana tutalirudia, na lina hatari kuliko linavyoonekana.

Kompyuta nayo si mjinga. Inajua kwamba sensa inaweza kukatika waya. Waya ukikatika, umeme haupiti kabisa, na kwenye jedwali lake hali hiyo ni sawa na baridi ya kupindukia: nyuzi 40 chini ya sifuri. Hakuna asubuhi ya Makete wala ya Limuru iliyowahi kufika hapo. Kompyuta inawasha taa ya cheki injini na kuandika msimbo wa P0118. Waya zikigusana, hali ni kinyume, inaona joto la ajabu, inaandika P0117. Katika hali zote mbili, Toyota nyingi huacha kuisikiliza sensa na kujifanya maji yako kwenye nyuzi 80, ili gari lifike nyumbani. Magari mengi pia huwasha feni moja kwa moja, kwa tahadhari. Ukisikia feni inanguruma tangu unapowasha gari asubuhi, na taa ya cheki injini inawaka, usikimbilie kuichomoa feni. Gari linajikinga.

Kuna ukaguzi mwingine wa kijanja zaidi. Gari likilala usiku kucha, sensa ya maji na sensa ya hewa inayoingia kwenye injini zinapaswa kuamka na joto linalokaribiana. Zikitofautiana sana, mojawapo inadanganya. Na injini ikiendeshwa muda wa kutosha bila maji kufikia joto lake, kompyuta huandika P0128, ikimaanisha themostati inashindwa kuyazuia maji ili yapate moto. Msimbo huo hapa kwetu ni wa kawaida mno, na sababu yake nitaisema.

Lakini kuna uovu mmoja ambao kompyuta haiwezi kuukamata, nao ni kutu kwenye soketi. Fikirini hivi. Maji yakiwa kwenye nyuzi 110, yaani gari limeanza kuingia hatarini, ukinzani wa sensa ni takribani omu 140. Kutu ya kijani kwenye pini za soketi inaweza kuongeza omu 100 za kwake. Kompyuta inapokea jumla, 240, inatazama jedwali lake, na kusoma nyuzi 90. Kila kitu salama! Kutu haiongezi joto kwenye hesabu, inalipunguza daima, na inalipunguza zaidi pale injini inapokuwa na moto mwingi, kwa kuwa hapo ukinzani wa sensa wenyewe ni mdogo na kila omu ya kuongeza ina uzito. Kwenye magari ya zamani yenye sensa ya waya mmoja inayotegemea bodi ya injini kwa ethi, uzi uliofungwa kwa tepu nyingi au ethi iliyochakaa hufanya vilevile. Kusafisha soketi hiyo ni kazi ya dakika chache na brashi ndogo. Sijui kwa nini haifanywi kila gari linapoingia sevisi.

Tuje kwenye mshale wenyewe, ule wa dashibodi.

Wengi wetu tunaamini kwamba mshale ukiwa katikati, maji yana joto fulani moja. Katika magari ya zamani hilo lilikaribia ukweli, maana mshale uliunganishwa na sensa yake, na ulipanda na kushuka kadiri maji yalivyobadilika. Madereva wakawa wanalalamika: ukipanda mlima unapanda, ukishuka unashuka, kuna nini? Watengenezaji wakaamua kuutuliza. Katika magari mengi ya miaka ya karibuni, mshale unaendeshwa na kompyuta, na kompyuta inauweka katikati kwa joto lote kuanzia nyuzi 75 au 80 mpaka 105 hivi, kila kampuni na kipimo chake. Ndani ya upana huo wote, mshale hautikisiki. Ukianza kuondoka katikati kwenda juu, hujaonywa mapema. Umeonywa dakika za mwisho.

Na kuna magari ambayo hata mshale hayana. Toyota Vitz, Passo, Honda Fit, magari ambayo barabara zetu zimejaa, mengi yana taa mbili tu: ya bluu inayosema injini bado baridi, na nyekundu inayosema imeshachemsha. Katikati ya hizo mbili ni giza. Sikubaliani na uamuzi huo. Gari linalouzwa Japani, likatembea kwenye lami safi na kupata sevisi kwa ratiba, pengine linaweza kuishi na taa mbili. Likija huku likiwa na umri wa miaka 10 au 15, rejeta ikiwa imeziba nusu, likapanda na watu watano na mizigo kuelekea Lushoto, dereva wake anahitaji kujua kwamba maji yametoka 92 yakaenda 103, kabla taa nyekundu haijamwakia usoni.

Sasa nirudi kwa dereva wetu anayeapa kwa fundi.

Mchukue ametoka Dar es Salaam anaelekea Iringa. Amepita Mikumi, ameshuka kwenye joto la bonde la Ruaha Mbuyuni, na mbele yake ni Kitonga, mlima ambao malori hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kuna mpira mmoja wa maji umekuwa ukivuja tone tone tangu Morogoro. Anaingia mlimani nyuma ya lori, gia ya kwanza na ya pili, jua la saa nane, kiyoyozi kimewaka. Maji yanapungua. Yanashuka ndani ya injini mpaka ncha ya sensa, ambayo mara nyingi iko sehemu ya juu, inabaki nje ya maji. Imening'inia kwenye mvuke na hewa.

Hapo ndipo habari inapokatika. Maji hugusa ncha ya sensa na kuipa joto lake sawasawa. Hewa na mvuke uliochanganyika nayo huipa joto hilo kwa uvivu na bila mpangilio. Chuma cha silinda hedi kinapanda, 130, 150, kinaendelea, na sensa inapimia hewa iliyo mbele yake, inatoa jibu la kweli kuhusu hewa hiyo. Ni kama kumpima mgonjwa homa huku kipimajoto kikiwa mfukoni mwake. Mshale unaweza kubaki katikati, na unaweza hata kushuka, na dereva akafurahi kwamba mlima unakwisha na gari linapoa. Sekunde chache baadaye injini inaanza kugonga, nguvu inapungua, harufu ya plastiki inaingia, gari linazima. Sensa haijadanganya wala haijaharibika. Imeulizwa joto la maji mahali ambapo hapana maji.

Kwa hiyo kwenye mlima, mshale unaoshuka ghafla ni wa kuogopwa kuliko unaopanda. Na kuna njia ya haraka ya kuhakikisha ukiwa kwenye usukani: washa hita ya ndani, ile ya hewa ya moto. Hita inapata moto wake kutoka kwa maji hayohayo ya injini. Ikipuliza hewa ya moto, maji bado yapo na yanazunguka, na hita inakusaidia kutoa joto kidogo wakati unatafuta pa kuegesha. Ikipuliza hewa ya baridi wakati injini imetembea saa nzima, maji yamekwisha au hayazunguki. Zima injini hapohapo, hata kama mshale unakuambia kila kitu ni shwari.

Watengenezaji wanalijua pengo hili, na baadhi yao wamelijibu vizuri. Ford ya Marekani, kwenye injini zake kadhaa tangu miaka ya 1990, iliichomeka sensa ndani ya chuma cha silinda hedi yenyewe, isiguse maji kabisa. Maji yaishe yasiishe, chuma kikipata moto inajulikana. Kompyuta ikiona chuma kimepita kiwango, inawasha taa, kisha inaanza kukata petroli kwenye baadhi ya silinda kwa zamu. Silinda isiyopata petroli inavuta hewa tu na kuitoa, na hewa hiyo inaondoka na joto. Gari linakosa nguvu, linakwenda kwa kusuasua, lakini linaweza kukufikisha pa usalama bila maji. Cadillac nao walikuwa na mpango kama huo kwenye injini yao ya Northstar, iliyotoka mwanzoni mwa miaka hiyo. Malori mengi ya kisasa yamechukua njia nyingine: yana sensa ya pili kwenye tangi la maji ambayo haipimi joto, inauliza tu kama maji yapo. Magari madogo mengi ya Ulaya yanayo pia, pini mbili zilizozama tangini, maji yakishuka umeme haupiti kati yake, taa inawaka. Ni kifaa cha bei ndogo mno. Magari madogo mengi ya Kijapani yanayokuja kwetu hayana, na kwa maoni yangu hicho ndicho kifaa cha kwanza ambacho fundi wa umeme wa magari angeweza kuwafungia wateja wake, kabla ya redio na kabla ya taa za urembo.

Nimesema nitarudi kwenye nyuzi 94. Kifuniko cha rejeta kimeandikwa namba, 0.9 au 1.1 kwa kawaida. Namba hiyo ni shinikizo ambalo springi yake inaruhusu kabla ya kuachia. Maji yaliyofungiwa chini ya shinikizo hilo hayachemki kwenye 100, yanasubiri mpaka karibu 120, na kulanti ikichanganywa yanasubiri zaidi kidogo. Springi ikilegea au mpira wa kifuniko ukipasuka, shinikizo linapotea. Gari lililoko Nairobi, au Mbeya, lenye maji matupu na kifuniko kilichokufa, litachemka kwenye nyuzi 94, joto ambalo ni la kawaida kabisa kwa injini. Maji yanayochemka bila shinikizo hayapandi joto zaidi ya hapo, yanageuka mvuke tu. Sensa inasoma 94, kompyuta inaona hali njema, mshale uko katikati, na chini ya boneti maji yanatokota na kumwagika kupitia mpira wa akiba, mpaka yaishe. Kifuniko kipya ni kitu cha bei ndogo kuliko karibu kila kipuri kingine cha gari. Mtu anayesafiri kutoka pwani kwenda nyanda za juu na kifuniko cha zamani amejiwekea mtego.

Feni nayo inahitaji neno, lakini fupi. Gari linalochemsha kwenye foleni ya Mbagala na kupoa likipata mwendo, tatizo lake ni feni au umeme wa feni, kwa kuwa barabarani upepo unafanya kazi ya feni. Linalochemsha mlimani na barabara kuu lakini limetulia mjini, tatizo lake ni rejeta iliyoziba au maji yasiyozunguka. Kwenye Toyota nyingi za zamani, feni inaongozwa na swichi yake ndogo kwenye rejeta, na ukichomoa soketi ya swichi hiyo injini ikiwa inaunguruma, feni inapaswa kuanza kuzunguka yenyewe. Isipozunguka, tafuta fyuzi, rilei, au mota. Kuiunga feni dairekti kunafunika tatizo na kuongeza lingine, maana hutajua tena sensa yako inafanya kazi au imekufa.

Kwa mwenye gari la miaka ya katikati ya 2000 kuja huku, lipo jambo rahisi la kufanya. Chini ya usukani pana soketi ya kupimia gari. Marekani iliilazimisha kwa magari yote madogo kuanzia mwaka 1996, na wengine wakafuata. Kuna kifaa kidogo cha kuchomeka pale kinachotuma habari kwenye simu, na kitu cha kwanza cha kutazama ni joto la maji. Usingoje gari lichemshe ndipo ukitazame. Liangalie gari lako likiwa halina tatizo: asubuhi linaanza wapi, linatulia kwenye ngapi ukiwa mwendoni, feni inawaka kwenye ngapi na kuzima kwenye ngapi. Magari mengi yatatulia kati ya 85 na 95, yatapanda mpaka karibu 100 kwenye foleni, feni itawaka, yatarudi. Ziandike namba hizo mahali. Siku zikibadilika kwa nyuzi 5 au 6 bila sababu, una muda wa kushughulika kabla ya mshale wa dashibodi kukuambia lolote. Ukiona imeandika nyuzi 40 chini ya sifuri, waya umekatika, usihangaike na mengine.

Na gari likikuchemshia njiani, egesha, zima, fungua boneti kwa tahadhari, kisha kaa mbali. Kifuniko cha rejeta usikiguse. Ndani yake mna maji yaliyopita nyuzi 100 yanayozuiwa na kifuniko hicho tu yasigeuke mvuke, na ukikifungua yatageuka yote kwa mara moja usoni pako. Utingo na makondakta wengi wana makovu ya hapo, kifuani na mikononi. Subiri mpaka mpira wa juu uweze kushikwa kwa mkono bila kuunguza, na hapo ndipo uongeze maji, polepole. Maji ya baridi kwenye aluminiamu yenye moto yanaweza kuipasua.

Neno langu la mwisho ni kwa ndugu zangu mafundi, maana P0128 niliyoitaja mmeifanya nyinyi. Mteja analeta gari linalochemsha, mnatoa themostati na kuitupa, maji yanapita bila kizuizi, gari linaacha kuchemsha, mteja anashukuru. Rejeta iliyoziba bado imeziba, imepata tu muda. Injini sasa haifiki joto lake, sensa inaripoti baridi kila siku, na kompyuta, kwa utii wake, inaendelea kumwaga petroli ya injini baridi mwaka mzima. Petroli inayozidi inaosha mafuta kwenye kuta za silinda, ringi zinakwisha mapema, na mteja huyohuyo anarudi kwenu kulalamika kwamba gari linakunywa. Gari likija na tatizo hilo, pimeni kifuniko, osheni rejeta, angalieni pampu ya maji, safisheni soketi ya sensa, kisha wekeni themostati mpya. Joto lake halihitaji kubahatishwa. Limepigwa chapa kwenye chuma cha ile ya zamani mliyoishika mkononi.